Kurunzi Isiyo na Mawe: Umeme na Mwanga Katika Kiganja cha Mtoto

Nimeipata juzi Mwembe Tayari, Mombasa, na mpaka sasa moyo haujatulia! Ni kurunzi ya plastiki angavu. Haina mawe, haina pa kuchajia, wala haingoji jua. Ndani mna sumaku moja, waya wa shaba na taa ndogo ya LED. Unaitikisa, inawaka. Na katika kule kuitikisa mna sehemu kubwa ya fizikia ya karne ya 19, tena ile sehemu ngumu, ambayo wengi wetu tuliikariri skuli bila kuiona hata siku moja. Ukiwa mzazi, ami, shangazi au mwalimu, na unataka kumweleza mtoto umeme ni nini na mwanga watoka wapi, hiki ndicho chombo. Nasema hivyo nikiwa nimekwisha kuitia mikononi mwa watoto wa Kibokoni, ambao hawana subira na kitu kisichofanya kazi.

Jinsi ilivyo

Urefu wake ni shibiri moja, na uzito wake ni wa sumaku hasa. Plastiki yenyewe ni nyepesi. Katikati mna bomba, na ndani ya bomba hilo sumaku nene ya rangi ya fedha inateleza kutoka mwisho huu hadi ule. Nje ya bomba umezungushwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, mamia kwa mamia, umebanana hata huwezi kuihesabu mizunguko yake kwa macho. Kila mwisho pana kipande cha mpira cha kuipokea sumaku isivunjike. Mbele pana kibao cha saketi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye dayodi 4 na kapasita. Kisha LED, kisha lenzi. Ubavuni pana swichi.

Kilichonipagawisha ni kwamba hakuna kilichofichwa. Simu imefungwa, redio imefungwa, hata swichi ya ukutani imefungwa. Mtoto anaambiwa tu kwamba ndani mna umeme, na akigusa anakemewa. Hapa anaona sumaku inapita, anaona waya inamopita, anaona taa inayowaka. Macho yake yanafuata safari yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na safari yote ni ya shibiri moja!

Barazani, baada ya alasiri

Nilimpa mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 8, alipotoka madrasa. Sikumweleza neno. Aliigeuza, akaikagua kila upande, akaipiga kofi kidogo.

"Ami, mawe yake yatiwa wapi?"

"Haina mawe."

"Basi yawakaje?"

Nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiko ninakompendekezea kila mtu mzima atakayeinunua. Aliitikisa mara chache, akabonyeza swichi, na ule mguno wa mshangao uliomtoka uliwaita watoto wengine wote wa mtaa. Dada yake wa Gredi ya 6 akaichukua. Yeye ni mtu wa kuchunguza. Aliitikisa polepole: mwanga hafifu, wa kumhurumia. Akaitikisa kwa nguvu: mwanga mkali hata wenzake wakafumba macho. "Kumbe mbio ndizo zaleta!" akasema.

Kisha akafanya jambo lililonisisimua kuliko yote. Aliiacha ikazima kabisa, akailaza barazani, akaisukuma sumaku kwa kuiinamisha taratibu mpaka ikatulia katikati kabisa ya ule waya. Akangoja. Giza. Sumaku ipo, waya upo, vimekaribiana kuliko wakati wowote, na umeme haupo. "Kuwapo tu hakutoshi, Ami. Sharti itembee."

Sharti itembee! Hilo ndilo jambo Michael Faraday aliloliona London tarehe 17 Oktoba 1831, alipoingiza sumaku ya kipande ndani ya waya uliozungushwa na kuitoa, na kuona sindano ya kipimo chake ikicheza kila sumaku inapotembea na kutulia kila inapotulia. Watu walikuwa wameitafuta njia ya kupata umeme kwa sumaku kwa miaka, na yeye mwenyewe aliihangaikia kwa muda mrefu, kwa sababu waliitarajia sumaku iliyotulia ifanye kazi. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, alisoma skuli kidogo sana, akajifunza sayansi kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi dukani alikokuwa mwanagenzi. Na huyu ndiye aliyewapenda watoto hata akawa uti wa mgongo wa mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution, iliyoanza mwaka 1825 kwa ajili ya vijana na inayoendelea hadi leo. Binti wa Gredi ya 6, barazani Kibokoni, amelifikia jambo lile lile kwa mkono wake mwenyewe, na sijamfundisha mimi wala mwalimu wake. Kurunzi imemfundisha.

Kinachotokea ndani

Maswali yalipoanza kumiminika ndipo nilipofungua mdomo. Tulichukua pini ya ushungi tukaisogeza taratibu kuelekea kwenye kurunzi. Ikiwa mbali, kimya. Ikikaribia, ikaruka yenyewe na kung'ang'ania plastiki. Kabla ya kugusa sumaku, pini imeshavutwa. Maana yake sumaku haiishii kwenye ngozi yake, nguvu yake imetanda pande zote kwenye nafasi inayoizunguka. Nafasi hiyo ndiyo vitabu vinayoiita uga wa sumaku. Sasa, ndani ya shaba mna chembe ndogo mno, elektroni, zilizo huru kutembea. Uga unapobadilika pale zilipo, zinasukumwa. Zikisukumwa zote upande mmoja ndani ya waya, huo ni mkondo wa umeme. Kila mzunguko wa waya unaongeza msukumo wake, na ndiyo sababu mizunguko ni mamia.

Sumaku ikienda, mkondo unaenda. Sumaku ikirudi, mkondo unarudi. LED inapitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo zile dayodi 4 zinaugeuza mkondo wote uelekee upande ule ule. Kapasita inauhifadhi, na ndiyo maana taa inaendelea kuwaka baada ya mkono kutulia.

Na hapa kurunzi inatoka nje ya kiganja na kuenea mji mzima! Umeme wa ukutani nao unakwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde, kwa sababu unazaliwa kwa njia hii hii. Upande wa pili wa bandari ya Kilindini kuna mitambo ya umeme ya Kipevu. Kipevu III, iliyozinduliwa mwaka 2011, ina uwezo wa kiasi cha megawati 120. Kazi ya moto na mafuta yote yale ni moja: kuzungusha sumaku karibu na waya wa shaba. Olkaria mvuke wa ardhini unazungusha. Ziwa Turkana upepo unazungusha, kwa minara 365. Barazani mkono wa mtoto wa miaka 8 unasukuma mbele na nyuma. Kanuni ni moja, na mtoto aliyetikisa kurunzi anaielewa Kipevu kabla hajafika.

Historia ya kisiwa cha Mombasa nayo inaingia. Kwa mujibu wa kampuni ya Kenya Power, jenereta ambayo Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar aliipata mwaka 1875 kumulikia kasri lake ilichukuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ikazaliwa Mombasa Electric Power and Lighting Company. Umeme wa Kenya una mzizi wake hapa hapa kisiwani! Watoto walipoambiwa hivyo walinyanyua videvu.

Upande wa pili wa kanuni ile ya sumaku na waya uko darini. Mwambie mtoto atazame feni: pale umeme unaingia kwenye waya wa shaba, waya unageuka sumaku, na sumaku inasukuma mpaka mapanga yanazunguka. Fundi anayesuka mota za feni atakupa kipande cha waya wa kuchezea. Uzungushe kwenye msumari, kwangua varnishi kwenye ncha zake mbili, uunganishe na jiwe moja la kurunzi kwa sekunde chache tu maana unapata moto, na msumari utaokota pini. Hans Christian Oersted aliligundua chimbuko la hili mwaka 1820, alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Dira! Watoto wa mji ambao manahodha wameingia Bandari ya Kale kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi karne nyingi hawahitaji kuambiwa dira ni nini. Tulisogeza kurunzi kwenye dira ya simu, na mshale ukapotea njia mara moja.

Chumba cha giza

Nilidhani nusu ya pili, ya mwanga, itakuwa dhaifu. Nusu hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na madirisha ya mbao. Ukifunga vizuri saa sita mchana unapata giza zito. Tulifunga, na kabla hatujaziba tundu la mwisho kwenye ubao wa dirisha, binti alipiga ukelele: ukutani, juu ya kitanda, njia ya nje ilikuwa imejichora kwa rangi zake, juu chini. Mbingu iko chini, ardhi iko juu, na mtu aliyevaa kanzu anatembea miguu juu! Hakuna kioo, hakuna mashine. Mwanga unakwenda moja kwa moja. Ule wa juu ukipita kwenye tundu dogo unaangukia chini, na wa chini unaangukia juu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi yake kubwa Misri, aliuchunguza mwanga kwa vyumba vya giza na matundu, na katika Kitab al-Manazir akaeleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unaingia machoni kutoka kwenye vitu; jicho halitoi miali ya kwenda kuvigusa. Tuliziba tundu. "Waona mkono wako?" "Sioni." Tikisa, washa. "Naona!" Jicho ni lile lile, mkono ni ule ule. Kilichoongezeka ni mwanga, na mwanga huo umetoka kwenye misuli yake mwenyewe.

Kisha tukachukua CD ya zamani, tukaimulika upande unaong'aa. Upinde wa mvua, ndani ya chumba! Mistari myembamba ya CD inautenganisha mwanga mweupe katika rangi zake. Tazameni kwa makini: buluu imekoza, imejitenga, kisha inafuata tandavu pana ya kijani, njano na nyekundu. Sababu ni kwamba LED nyeupe kwa kawaida ni LED ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine, na jicho likizipokea zote pamoja linaona weupe. Kuitengeneza LED ya buluu kulikuwa kugumu hata waliofanikiwa, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Na mtoto anaiona siri hiyo kwa CD iliyokuwa ikielekea jaani.

Lakini mwanga wenyewe ni kitu gani? Hapa ndipo watu wazima wengi hukatiza. Msikatize! Mpeleke mtoto ukingoni mwa Bandari ya Kale aitazame ngalawa iliyotia nanga: wimbi linapita, ngalawa inapanda na kushuka pale pale, na kinachosafiri ni mtikisiko, maji yanabaki. Mwanga ni mtikisiko wa umeme na sumaku. Uga wa sumaku ukibadilika unazaa uga wa umeme, na uga wa umeme ukibadilika unazaa wa sumaku, vinazaana na kusonga mbele. James Clerk Maxwell aliyaandika haya kwa hesabu katika makala ya mwaka 1865, akapata kasi ya mtikisiko huo, na kasi hiyo ikalingana na kasi ya mwanga: karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Jua linalochomoza ng'ambo ya Nyali limeutoa mwanga wake dakika 8 na sekunde 20 hivi kabla haujatufikia. Heinrich Hertz akaithibitisha hesabu ya Maxwell mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa kutengeneza mawimbi ya namna hiyo yasiyoonekana, yaani mawimbi ya redio.

Kwa hiyo mwanga na redio ni ndugu. Wimbi la stesheni ya FM lina urefu wa kama mita 3. Wimbi la rangi nyekundu lina urefu wa sehemu 7 kati ya 10,000 za milimita moja. Tofauti yao ni urefu tu. Ili mtoto aamini kwamba kuna mwanga asiouona, chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya simu, ubonyeze: mara nyingi, hasa kwa kamera ya mbele, utaona kwenye kioo kitaa kinamweta ambacho jicho halikioni. Na video anazotazama kwenye simu hiyo zimekuja kwa mwanga pia. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na ndani yake mwanga unapita kwenye nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Fujairah, inakoanzia kebo ya TEAMS, hadi hapa, kiasi cha kilomita 5,000, ni kama sehemu moja ya 40 ya sekunde. Anayetikisa kurunzi anacheza na mambo yale yale yanayomletea katuni zake.

Kasoro

Zipo, na zinasameheka. Mwanga wake ni mdogo. Kwa nusu dakika ya kutikisa unapata dakika kadhaa za mwanga unaofifia, kwa hiyo stima zikipotea usitegemee kufanyia kazi za skuli usiku kucha. Ina kelele, na watoto hawatakubali kuitikisa kwa adabu. Sumaku ni kali: iwekwe mbali na kadi za benki zenye utepe wa sumaku na mtu aliyewekewa kifaa cha moyo. Mtoto mdogo asiachiwe aifungue, kwa sababu sumaku zikimezwa ni hatari kubwa.

Kabla hujalipa

Ziko za bandia, na hili lazima mlijue. Duniani kote zimeuzwa kurunzi za umbo hili hili ambazo ndani zimefichwa betri ndogo bapa, na kile kinachoteleza ni kipande cha chuma kisicho na sumaku. Inawaka vizuri, mpaka betri ziishe, na somo lote linakuwa uongo. Nenda na pini ya ushungi. Sumaku ya kweli itaivuta kupitia plastiki. Tazama waya: uwe shaba, umezungushwa mara nyingi, na ncha zake zifike kwenye kibao. Iwashe mpaka ififie, kisha tikisa. Ya kweli itafufuka mbele ya macho yako. Muuzaji mwema hatakukataza.

Hukumu

Mada za umeme na sumaku zimo katika somo la sayansi la Gredi ya 7, na michoro yake vitabuni ni mizuri. Video nazo ni nzuri. Ila katika mchoro na katika video mkono wa mtoto hauna kazi, na umeme ni jambo linaloeleweka kwa mkono kwanza. Kwa kurunzi hii mtoto anajua kwamba nguvu ya mahamri aliyokula asubuhi imekuwa mwendo wa sumaku, mwendo umekuwa umeme, umeme umekuwa mwanga. Ukimuuliza nguvu ya mahamri ilitoka wapi, atafika kwenye ngano, na kutoka kwenye ngano atafika kwenye jua, yaani kwenye mwanga tena! Binti wetu alifika huko mwenyewe, akaketi kimya, kisha akadai tuanze upya.

Walimu, ombeni moja kwa kila dawati, kabla ya vifaa vya bei kubwa. Wazazi, itoeni zawadi ya Idi. Toeni bila maelezo, ngojeni swali la kwanza, mjibu hilo tu, kisha la pili. Na mkiweza, nunueni mbili: moja ya kutikisa, na nyingine ya kufungua mezani pamoja na mtoto, skurubu kwa skurubu, waya ukifunguliwa mzunguko kwa mzunguko mpaka auone urefu wake wote umelala sebuleni.